Kikwapa na dawa za asili: zipi zinafanya kazi kweli huku kwetu Kusini? (Uzi mrefu, vuta kiti)

FundiChikongola:

Wakuu, salaam. Mtwara kuchele.

Mimi ni fundi cherehani hapa mjini, na kama kuna mtu huwezi kumficha kikwapa ni fundi wako. Gauni likiletwa kupanuliwa, mshono wa kwanza kufumuliwa ni wa kwapani. Hapo naona kila kitu: anayepaka rolioni juu ya jasho la jana, anayejifukiza udi bila kuoga, na anayejipaka dawa kali mpaka bitana inakatika kama karatasi. Siwasemi wateja wangu, msiogope kuleta nguo.

Nimeamua kuandika kwa sababu msimu wa joto ukianza, hiyo kaskazi ya Novemba mpaka Machi, makundi ya WhatsApp yanajaa orodha za dawa. Limau, magadi, mwarobaini, shabu, majani ya mpera, na kila moja eti "inaondoa kabisa". Kabisa hakuna. Ila zipo zinazosaidia, zipo za kupoteza muda, na zipo zitakazokuchubua ukaenda hospitali ya Ligula na kidonda.

Tuanze na jasho lenyewe. Jasho likitoka halinuki, au linanuka kidogo mno. Mwili una aina mbili za tezi za jasho. Ekrini zimeenea karibu mwili mzima na hutoa maji na chumvi ili kukupoza. Apokrini zipo zaidi kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, na huanza kazi mtu akibalehe. Hizi za pili hutoa jasho zito lenye mafuta na protini, nalo ndilo chakula cha bakteria wanaoishi kwenye ngozi, wa jamii ya Corynebacterium na mwenzao Staphylococcus hominis. Wakilila ndiyo inatoka harufu ile ya beberu. Kwa hiyo mtu anaweza kubeba magunia ya korosho mchana kutwa akalowa mgongo na asinuke sana, na mwingine akakaa ofisini kwenye kiyoyozi akatema kikwapa kwa sababu ya wasiwasi tu, maana apokrini huamshwa hata na hofu.

Ukishajua hilo, dawa yoyote utakayoambiwa iulize: inapunguza bakteria? Inakausha unyevu? Au inafunika tu harufu? Vitu vyetu vingi vya pwani viko kwenye kundi la kufunika. Liwa, udi, ubani, asumini, karafuu iliyosagwa. Nami ni mpenzi wa liwa, na nguo iliyofukizwa udi ikiletwa kibandani nitaijua kabla mteja hajafungua mfuko. Lakini liwa juu ya kwapa lisilooshwa inazaa harufu ya tatu ambayo hata jina haina. Oga kwanza, ndipo ujipambe.

Kwa maoni yangu vinavyofanya kazi kweli ni hivi.

Shabu. Hii si mmea, ni madini, lakini inauzwa pamoja na mitishamba kwa hiyo naiweka. Ni lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo vinyozi hupitisha kidevuni baada ya wembe. Ni chumvi yenye aluminiamu. Inabana ngozi na inawazuia bakteria wasizaliane. Namna ya kutumia: oga, lowesha jiwe, lipitishe kwapani mara chache, acha likauke lenyewe, ndipo uvae. Basi. Watu wanaharibu kwa kusaga unga na kuujaza kwapani mkavu. Ule unga unakwaruza, unaingia kwenye vinyweleo vilivyonyolewa, na nguo nyeusi inabaki na mduara mweupe usiotoka kirahisi. Jiwe moja linakaa miezi na miezi, na bei yake ni ndogo kuliko dawa yoyote ya kopo. Na kama unakimbia rolioni kwa kuogopa aluminiamu, jua kwamba hata shabu inayo. Maneno kwamba aluminiamu ya kwapani inaleta saratani ya matiti hayajathibitishwa, kwa hiyo hofu hiyo isiwe sababu ya kuchagua hiki au kile.

Majani ya mwarobaini na ya mpera. Konzi ya majani, sufuria ya maji, chemsha mpaka maji yabadilike rangi, chuja, yaache yapoe. Baada ya kuoga na sabuni, jisuuze kwapani na kinenani kwa nje, usifute. Mwarobaini unapunguza vijidudu. Mpera una ile hali ya kukakamaza ngozi, sawa na unavyoonja ukitafuna jani lake changa. Maji ya mpera yanaacha doa la kahawia kwenye nguo nyeupe, kwa hiyo yakauke kwanza. Na yasilale siku mbili kwenye ndoo, chemsha mapya.

Mafuta ya nazi na wanga wa muhogo. Hili nalipenda kuliko yote kwa sababu vitu vyake tunavyo nyumbani. Kuna watu wanaagiza wanga wa mahindi wa dukani toka Dar wakati sisi tunalala juu ya muhogo! Menya muhogo, kwaruza, kamua kwenye kitambaa, yale maji meupe yaache yatulie. Mwaga maji ya juu, ongeza mengine safi, koroga, acha tena yatulie, mwaga. Rudia mpaka maji ya juu yawe maangavu, yasiwe na weupe wa maziwa. Wanga uliobaki chini utandaze juani ukauke kabisa, kisha uchekeche kwa kitambaa chepesi. Changanya na mafuta ya nazi mpaka uwe uji mzito. Ukitaka harufu, mafuta yale yapashe kidogo na karafuu nzima chache kisha uzitoe. Wanga unanyonya unyevu, nazi ina asidi ya lauriki inayowapunguza bakteria. Kiasi cha ncha ya kidole kinatosha kila kwapa. Zaidi ya hapo nitakuona kwenye bitana.

Karibuni tuchangie.

Korosho Ghafi:

Mkuu uzi mzuri. Mimi niko Tandahimba. Limau umeliruka, au hulikubali? Huku ndiyo dawa namba moja.

FundiChikongola:

Sijaliruka, nililiogopa tu. Limau na ndimu vinafanya kazi, siwezi kukataa. Ni vikali, na bakteria wa kwapani hawapendi uchachu. Shida ni mbili. Kwanza, ngozi ina uchachu wake mdogo unaoilinda, na limau ni kali kupita kiasi, hasa kama umetoka kunyoa. Pili, na hii wengi hawaijui: maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaungua. Si uchungu wa kawaida. Inaweza kutoa malengelenge, kisha michirizi meusi inayokaa wiki au miezi. Kwapa lenyewe limejificha, lakini maji yanachuruzika mkononi na ubavuni, na jua la Tandahimba mnalijua wenyewe. Wanaokamua ndimu nyingi kwenye shughuli wanapata alama hizo vidoleni bila kujua zimetoka wapi.

Ukishindwa kuacha, tumia usiku, kipande kidogo, kaa dakika chache, osha kwa maji mengi kabla ya kulala. Usitoke nalo nje.

Korosho Ghafi:

Nimekuelewa. Swali jingine la huku kwetu. Msimu wa kupuliza salfa watu tunanuka hata tukioga. Na kuna wazee wanasema salfa yenyewe inaondoa kikwapa, wanachanganya na mafuta wanajipaka. Kuna ukweli?

FundiChikongola:

Hapa lazima nikae vizuri.

Ile salfa mnayopuliza kwenye mikorosho toka Juni hivi kupambana na ukungu wa ubwiriubwiri, ikichanganyika na jasho na kukaa kwenye ngozi inatoa harufu inayokaribia yai viza. Si kikwapa hicho, na shabu haitakisaidia. Kinachosaidia ni nguo ya kazi ivuliwe nje, isiingie chumbani, nywele zifunikwe, na uoge kwa sabuni mara umalizapo, usingoje jioni. Nguo ya kupulizia ifuliwe peke yake. Nimewahi kuletewa suruali ya shamba nipunguze miguu, nikaiweka karibu na gauni la bibi harusi. Kazi iliyonipata baada ya hapo acha tu.

Sasa la kujipaka. Wazee hawakuota. Ni kweli salfa hutumika kutibu ngozi. Yako marhamu ya salfa ya hospitalini kwa ajili ya upele. Lakini hiyo imepimwa na kutengenezwa kwa ngozi. Ya shambani imetengenezwa kwa mkorosho. Inawasha macho, inawasha ngozi, na mtu anayejipaka hajui kiasi. Usijipake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye korosho: mafuta ya ganda la korosho ghafi yasiguse kwapa kabisa, hata ukiambiwa yanaua kila kitu. Yanaua kweli, pamoja na ngozi yako. Akina mama wanaobangua wanaonyesha vidole vyao.

Binti wa Mikindani:

Shikamoo fundi. Kuna kitu nataka mkiseme wazi kwa sababu wanaume wanazunguka. Shabu, limau na magadi wasichana wanaambiwa waweke sehemu za siri ili kuondoa harufu na "kubana". Ni sawa?

FundiChikongola:

Marahaba dada yangu. Si sawa, na ahsante kwa kulisema. Ndani hapawekwi kitu. Si shabu, si limau, si mwarobaini, si sabuni ya manukato. Uke unajisafisha wenyewe na una bakteria wake wazuri wanaoulinda; ukimwaga hivyo vitu unawaua walinzi, unapata michubuko, na harufu inarudi mara mbili. Nje, maji safi yanatosha. Kama kuna harufu ya shombo, au uchafu umebadilika rangi, au kuwashwa, hiyo ni maambukizi na kituo cha afya wanatibu kwa dawa ya kawaida.

Bibi Shangani:

Wajukuu, nimesoma kimya kimya sasa naingia. Mnaongea kama vile haya yamegunduliwa kwenye simu. Sisi tulipochezwa unyago, usafi wa mwili ndio ulikuwa wa mwanzo kufundishwa, na kungwi alikuwa hana mzaha. Mengine siyaandiki hapa, ya unyago hayaandikwi mtandaoni. Lakini kwapa kunyoa, maji asubuhi na jioni, nguo ya ndani kila siku safi na iliyoanikwa juani, hayo si siri. Na wanaume mlipotoka jando hamkuambiwa? Mbona mnasahau?

FundiChikongola:

Shikamoo bibi. Umetufunga goli.

Kunyoa ni kweli kabisa. Nywele za kwapani zinashika jasho na kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Ukinyoa, sabuni inafika kwenye ngozi. Kwa Waislamu ni sunna na wanajua isipite siku arobaini. Ila usinyoe asubuhi ukapaka shabu au limau papo hapo. Nyoa usiku, dawa asubuhi.

Na kuanika juani, hilo ningeliandika kwa herufi kubwa. Watu wanaanika shati ndani kwa sababu ya vumbi, halikauki vizuri kwa unyevu huu wa baharini, asubuhi wanavaa na kikwapa kiko tayari kwenye nguo, mwili hauna kosa. Jaribu hivi: nusa shati lililofuliwa, pale kwapani, baada ya kulipasha kidogo na pasi. Likinuka, tatizo ni nguo. Loweka kwenye maji yenye siki kidogo kama nusu saa kabla ya kufua, geuza ndani nje, anika. Siki usiichanganye na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inatoa gesi ya sumu. Vitambaa vya nailoni na poliesta vinashika harufu kuliko pamba. Ndiyo maana jezi inanuka ukiitoa kabatini na kanga ya pamba hainuki.

Mzee wa Uraka:

Mkuu mimi nimeambiwa ninywe maji ya mchaichai na mwarobaini kila asubuhi yasafishe damu, jasho litoke safi. Mwezi mzima nakunywa uchungu huu. Nione nini?

FundiChikongola:

Jina lako la pombe ya mabibo linanifanya nicheke kabla sijajibu.

Mchaichai kunywa kwa raha yako, ni kinywaji kizuri. Lakini harufu inatengenezwa juu ya ngozi, si kwenye damu, kwa hiyo hakuna majani ya kunywa yatakayowafikia bakteria wa kwapani. Mwarobaini kuunywa kila siku siuungi mkono, na mama mjamzito asiguse, mtoto mdogo asipewe mafuta yake kabisa.

Kinachoweza kubadilisha harufu kwa njia ya tumboni ni chakula. Kitunguu saumu kingi hutoka kwa pumzi na kwa ngozi. Uwatu, wanaokunywa uji wake wanajua, jasho na mkojo vinanukia utamu fulani wa sukari iliyoungua. Pombe nayo hutoka kwa pumzi na jasho. Sasa mabibo yakianza na uraka ukawa mwingi, mkuu, usiulaumu mchaichai.

Kitangari Juu:

Nyie wa mjini mnasema oga mara mbili. Sisi wa Newala maji ni ya kuhesabu. Kuna kiangazi tunanunua kwa ndoo na bei siitaji. Dawa yetu nini?

FundiChikongola:

Kweli ndugu yangu, uwanda wa Makonde na shida ya maji havijaanza leo, wazee walikuwa wanavuna ya mvua kwenye visima vya kuchimba. Lakini harufu haihitaji ndoo nzima. Jagi moja na kitambaa. Lowesha, paka sabuni, sugua kwapa, kinena, na katikati ya vidole vya miguu. Suuza kitambaa, futa sabuni yote, kausha. Mgongo na mapaja vingoje siku ya maji. Kisha shabu. Kwa mtu mwenye maji machache, shabu kwangu ndiyo ya kwanza kabisa, maana inatumia matone tu.

Magadi msitumie kufidia maji. Yale ya kulainishia maharage ni makali sana kwa ngozi. Bekingi soda ya kopo ni laini kidogo na inazima harufu, lakini wengi wanapata weusi na mikwaruzo wakiitumia kila siku. Ukiitaka, chembe ndani ya ule uji wa nazi na wanga, na ikiwasha acha.

Mama wa Masasi:

Kaka fundi, binti yangu yuko darasa la pili, ana miaka saba. Ameanza kutoa kikwapa cha mtu mzima. Nimempaka liwa, nimemwosha kwa mwarobaini, kinarudi. Wenzie wameanza kumtania shuleni. Nimpake shabu?

FundiChikongola:

Mama, shabu iweke pembeni kwanza. Nimesema juu kwamba zile tezi huamka mtu anapobalehe. Msichana kabla ya miaka minane, au mvulana kabla ya tisa, akianza harufu ya kiutu uzima, anastahili kuonwa na daktari, hasa kama umeona nywele au kifua kinaanza. Mara nyingi haina madhara, lakini wanaoweza kusema hivyo ni wao baada ya kumwangalia, si mimi na sindano yangu. Hapo Masasi mna hospitali, na Ndanda si mbali. Wakati unasubiri: sabuni ya kawaida asubuhi na jioni, fulana ya pamba, sare ifuliwe kila siku hata kama ni ile ile. Na ongea na mwalimu wake kimya kimya kuhusu utani.

Nikiwa hapo, niwataje wengine wasiopaswa kuhangaika na majani. Mtu mzima ambaye harufu yake imebadilika ghafla na hajabadili chochote. Anayelowa jasho hata akiwa amekaa kivulini, usiku shuka zinakamuliwa, na anapungua mwili. Anayenukia matunda yaliyochacha kwenye pumzi huku ana kiu na anakojoa sana, huyo aende leo leo, inaweza kuwa kisukari. Mwenye majipu ya kwapani yanayojirudia na kuacha makovu, asiyakamue wala kuyapaka shabu. Na wapo wachache wenye tatizo la kuzaliwa nalo, mwili unashindwa kuvunja kitu fulani kitokacho kwenye samaki, mayai na maharage, wakanuka shombo hata wakioga mara ngapi. Watu hao wanasingiziwa uchafu maisha yao yote.

Mama wa Masasi:

Nimekuelewa kaka, Jumatatu nampeleka. Mungu akubariki.

Korosho Ghafi:

Fundi, mwisho kabisa. Kuna jamaa anapita na gari la spika anauza chupa ya "mitishamba ya kikwapa", anasema mara moja tu unapona maisha. Haina hata lebo.

FundiChikongola:

Waganga wa tiba asili wana baraza lao na sheria yao ya mwaka 2002, husajiliwa. Muulize namba ya usajili na muulize ndani kuna nini. Akianza kukuimbia badala ya kujibu, panda baiskeli yako uende. "Maisha" haipo hapa, bakteria wanarudi kila siku kwa sababu ngozi ndiyo nyumba yao.

Bodaboda Mkanaledi:

Mkuu na miguu je? Mimi ni buti kutwa nzima. Nikivua, nyumba nzima inahama.

FundiChikongola:

Chai, kaka. Majani ya chai ya kawaida, chemsha kali nyeusi bila sukari, yapoe, tumbukiza miguu kama nusu saa jioni kwa wiki moja, baadaye punguza. Inakausha ngozi kwa namna ile ile ya mpera. Miguu itabadilika rangi kidogo ya kahawia, usishtuke. Buti ziwe jozi mbili ukiweza, moja ikae juani wakati nyingine iko kazini. Soksi za pamba. Kama katikati ya vidole panabanduka na kuwasha, duka la dawa wakupe ya fangasi kwanza. Nyayo zikiwa na vishimo vidogo vidogo, hao mara nyingi ni bakteria, si fangasi, waonyeshe kituo cha afya.

Na kwa walioniuliza pembeni kuhusu suti na magauni ya harusi ambayo hayafuliki: nashona vikinga jasho. Ni vipande viwili vya pamba vyenye umbo la nusu mwezi, katikati naweka kitambaa cha taulo, vinabanwa ndani ya kwapa kwa vifungo vya kubonyeza. Unavaa, unavitoa, unavifua peke yake, koti linabaki salama. Ukiwa na mabaki ya kanga niletee tu, sitakuchaji kitambaa.